Usinipe tableti tu, nifundishe na kuandika



Leo nataka kusema juu ya pombe, lakini si ile hotuba ya "vijana acheni pombe". Hiyo tumeshaisikia kanisani, msikitini na kwenye kila mkutano. Nataka kusema juu ya yule kijana mwenye anatumwa kuuliza maswali ya pombe. Hata mimi nilikuwa yeye.

Kuna wakati nilipata kazi ya siku chache. Walinipa tableti, fulana na fomu za ridhaa, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Swali moja lilisema: siku unapokunywa, unakunywa vinywaji vingapi? Mzee mmoja alinicheka. "Mwanangu, chungu ni kimoja, kibuyu ni kimoja, na sisi tuko watu sita tunazungusha. Unataka nihesabu ya nani?" Nikaangalia tableti. Ilikuwa inataka namba tu, bila namba haifungui swali lingine. Nikaandika 3. Nilibahatisha. Jioni nilimwambia msimamizi, akasema niendelee, muda hakuna. Ile 3 yangu ilienda na tableti, na mpaka leo sijaona ripoti.

Baadaye nilijifunza kwamba maswali yale yanaitwa AUDIT. Yako 10, ni ya Shirika la Afya Duniani, yalitoka mwaka 1989 kutokana na utafiti kwa watu wa nchi 6, na mojawapo ilikuwa Kenya. Ukipata alama 8 au zaidi kati ya 40, unywaji wako unahesabiwa kuwa wa hatari. Ni chombo kizuri, sikitukani. Lakini kwenye mwongozo wake, "kinywaji kimoja" ni karibu gramu 10 za alkoholi tupu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 inakuwa kama vinywaji viwili. Sawa, hiyo chupa imeandikwa. Sasa kwete ya Midia imeandikwa wapi? Na lotoko yenye inavuka kutoka Congo? Ukali unabadilika kwa mpishi, kwa siku, hata kwa chungu. Kama hatujapima, basi hesabu yote imejengwa juu ya ile 3 yangu.

Hapo ndipo nasema: mtu wa kupima hiyo ni kijana wa hapa. Anajua Kikakwa, Kiarabu cha Juba, Lingala na hiki Kiswahili chetu. Anajua kwamba mama mwenye anapika pombe si adui, juu pesa ya shule ya watoto inatoka kwenye chungu hicho. Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Anajua pia maswali yenye mgeni hawezi kuwaza. Kwa mfano, serikali ya Uganda ilikataza pombe ya vipakiti mwaka 2019. Je, vijana wenye walikuwa wananunua kipakiti walihamia wapi? Kwenye kwete? Kwenye chupa ndogo? Waliacha? Huo peke yake ni utafiti mzima.

Tena si ndoto. Kule Goa, India, shirika la Sangath lilifundisha watu wa kawaida, si madaktari, kuongea na wanaume wenye pombe imewazidi, na mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha kwamba inasaidia. Hapa kwetu West Nile, mradi wa CHANGE ulijaribu njia kama hiyo na wanaume wa Sudan Kusini kambini Rhino na Imvepi. Kwa hiyo kazi iko. Swali langu ni moja: mradi ukiisha, ni kijana gani wa hapa anabaki akiwa mtafiti?

Mara nyingi hakuna. Tunabaki na fulana. Kutoka mkusanya data mpaka mtafiti kuna ngazi, na ngazi hiyo haina vidato vya kukanyaga. Huna mwalimu wa kukuongoza, huna pesa ya kulipia ukaguzi wa maadili, huna uzoefu wa kuomba kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia wala kile cha Ofisi ya Waziri Mkuu cha kuingia kambini.

Kwa hiyo wakubwa, naomba vitu vinne.

Moja, kwenye kila bajeti ya utafiti wekeni kijana mmoja au wawili wa kufundishwa mpaka mwisho: kuchambua data na kuandika, si kuuliza tu. Chuo Kikuu cha Muni kiko hapo Arua, mkae nao mpange.

Mbili, majina. Wahariri wa majarida ya afya duniani wamekubaliana kwamba kuchangia data peke yake hakukufanyi mwandishi, lazima ushiriki kuandika na kukubali kuwajibika. Lakini wamesema pia: mwenye amechangia kwa kweli apewe nafasi ya kushiriki kuandika. Sisi hatujawahi kuitwa.

Tatu, tufungulieni milango ya kusoma. Mpango wa Hinari unazipa taasisi za nchi maskini majarida bure au kwa bei ndogo. Wahariri wa majarida ya uraibu wana kitabu cha bure kwenye intaneti, Publishing Addiction Science. Vijana wangapi hapa wamewahi kuambiwa?

Nne, rudisheni majibu. Njooni chini ya mwembe mtuambie mlikuta nini.

Najua mtu atasema: chakula kimepunguzwa, ninyi mnataka utafiti? Ndugu yangu, baba akimaliza pesa ya chakula kwenye lotoko, hayo si mambo mawili. Mwingine atasema jirani hawezi kumwambia jirani siri ya pombe. Hapo ana haki, hata mimi nilikuta watu wananificha. Basi kijana wa Midia aende Lobule, na wa Lobule aje huku. Hiyo inapangika.

Na sisi vijana tusikae kungoja. Ukipata kazi ya tableti, uliza swali linatoka wapi. Ukibahatisha namba, andika pembeni kwenye daftari kwa nini umebahatisha. Daftari hilo ndilo mwanzo wa utafiti wako.

Yule mzee aliniuliza, "Nihesabu ya nani?" Bado nina deni la kumjibu.