Kambi za likizo zifike kwenye ngitili

Shule hufungwa mwezi Juni. Ndicho kipindi ambacho Usukumani nyasi zimeanza kukauka, na mfugaji mwenye ngitili anapiga hesabu ya siku zilizobaki kabla ya kuifungua. Mtoto wake wakati huo ama yuko porini na ng'ombe, ama yuko kwenye kambi ya masomo akikariri majibu ya mitihani iliyopita. Anafundishwa hesabu, lakini hesabu inayohusu mali ya nyumbani kwao haioni.

Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti viote bila kuguswa, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokolea ili mifugo iliyodhoofu ipate malisho. Haikuletwa na mtaalamu yeyote. Ni maarifa ya Wasukuma, yenye sheria zake, walinzi wake na mkutano wake uitwao dagashida, ambao humtoza faini anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati.

Ikumbukwe kwamba maarifa hayo yaliwahi kukaribia kupotea. Kuanzia miaka ya 1920, misitu ya Shinyanga ilifyekwa chini ya serikali ya kikoloni ili kutokomeza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini na kuziacha ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

Mwanzoni mradi ulitilia mkazo vitalu na upandaji wa miche. Mabadiliko makubwa yalikuja pale wataalamu walipokubali kuwasikiliza wazee na kuacha visiki vilivyokuwa hai ardhini vichipue vyenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika mkoa huo, ambao sehemu zake sasa ziko Simiyu na Geita. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo, waliofufua ngitili hizo wanazeeka. Mrithi asiyejua thamani ya eneo lililofungwa huona pori la bure. Atalikata mkaa, ataligawa viwanja au atalilima lote, na kiangazi kikifika atauza ng'ombe waliokonda kwa bei ya kutupa.

Dawa yake si ghali. Kambi ya likizo ya wiki moja tu, yenye mzee anayeijua ngitili, mwalimu wa sayansi na afisa ugani, inatosha kuanzia. Nchini Canada shirika la Actua huendesha makambi ya namna hiyo katika jamii za wenyeji asilia, ambako wazee na vijana wa sayansi hufundisha pamoja.

Mzee awataje watoto nyasi na miti kwa Kisukuma: upi ni lishe, upi ni dawa, upi unaonyesha kuwa ardhi imechoka. Mwalimu naye awape kopo lililotobolewa pande zote mbili. Walikite ardhini ndani ya ngitili, wamimine maji na kuangalia saa. Kisha warudie kwenye uwanja uliokanyagwa na mifugo. Wataona wenyewe ni wapi mvua hupotea.

Kisha waje kwenye hesabu. Tuseme nyasi za mita moja ya mraba zimekatwa, zimekaushwa na kupimwa, zikawa gramu 200. Hekta moja ina kilo 2,000. Nusu ibaki kulinda udongo. Zinabaki kilo 1,000. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Hekta hiyo basi italisha ng'ombe wawili kwa siku 80 hivi. Mfugaji mwenye ng'ombe kumi hapo atajua mapema, wakati bei ingali nzuri, ni wangapi wa kuuza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo wazazi watakaosema kuwa hayo hayaulizwi kwenye mtihani. Lakini eneo, uzito, asilimia na mzunguko wa maji vyote vimo kwenye mtihani, na mtoto aliyevipima kwa mikono yake hatavisahau. Wapo pia watakaosema maarifa ya wazee ni ushirikina. Yaliyo ya kweli yatathibitika kwenye mizani, na yasiyo ya kweli yataachwa. Hata utaalamu wa kisasa upimwe vivyo hivyo, kwani waliofyeka misitu kwa ajili ya mbung'o nao walikuwa wataalamu.

Wazazi wengi tayari wanachangia chakula na posho kwa ajili ya kambi za masomo. Kamati za shule na serikali za vijiji zikitenga wiki moja ya likizo ya Juni kwa kazi hii, gharama itakayoongezeka ni makopo machache, kamba na mizani ya duka. Samaki mkunje angali mbichi, nao wazee wa kumsaidia mwalimu kuikunja wanazidi kupungua.