Anayechorwa Acheke wa Kwanza

Kikundi kinapoandaa arusi au sherehe ya diploma, hufikiria kwanza chakula, kisha muziki. Wengine huuliza pia: je, tumwite mchoraji wa vikaragosi, awachore wageni papo hapo? Sisi twajibu ndiyo, ila tujue kwanza tunamwita kufanya nini.

Jina la sanaa hii kwa Kifaransa, caricature, latoka katika neno la Kiitalia caricare, yaani kupakia mzigo. Mchoraji huchukua kilicho cha mtu, kama pua, paji la uso au mwanya wa meno, na kukizidisha hata wote wamtambue. Annibale Carracci wa Bologna alichora hivyo mwishoni mwa karne ya 16. Katika karne iliyofuata, Bernini, aliyebuni nguzo za uwanja wa Mtakatifu Petro, alimchora Papa Inosenti XI amekonda kitandani, na kofia ya kiaskofu kichwani. Naye Honoré Daumier alitiwa gerezani mwaka 1832 kwa kumchora Louis-Philippe, mfalme wa Ufaransa, kama jitu linalomeza mali ya raia.

Mfalme alikuwa na askari na mahakama. Mgeni wetu ana kiti tu. Tazameni kazi hii inavyofanyika: anayechorwa haioni karatasi, bali wanaosimama nyuma ya mchoraji ndio wanaoiona. Hao hucheka kwanza, naye hutabasamu bila kujua anachekwa kwa nini. Aketiye pale ametukabidhi uso wake mbele ya watu.

Wengine watasema kwamba utani ni mila yetu, hauhitaji sheria. Ni kweli, lakini mtani wako una haki ya kumrudishia. Mgeni aliyeketi hana kalamu ya kujibu.

Kwa hiyo, asiketishwe mtu kwa kuvutwa mkono. Kovu, ulemavu na doa la ngozi visizidishwe, isipokuwa mwenyewe ameomba. Mchoro ukimalizika, aonyeshwe yeye kwanza, uwe mali yake; asiporuhusu, picha yake isisambazwe katika simu.

Mchoraji naye ni fundi, si mchekeshaji wa bure. Patana naye mapema juu ya saa, karatasi na malipo. Akitumia dakika 5 kwa kila uso, saa moja yatosha watu 12 tu. Basi viti hivyo visiwe vya wakubwa peke yao; waiteni pia akina mama waliopika nyuma ya nyumba.

Katika mkutano wenu, kabla ya kuzungumza bei, mteueni mmoja wenu asimame karibu na kiti kile. Kazi yake iwe kumwuliza kila mgeni kama anapenda kuchorwa, na kuwanyamazisha wanaocheka kabla mwenyewe hajaona.