Risala ya Wananchi Kuhusu Jengo la Shule ya Zamani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani, ndugu watendaji wa Halmashauri, wazee wetu na wananchi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kuisikiliza risala hii hapa mbele ya jengo lenyewe badala ya ofisini. Imepitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na haina mapambo mengi. Alama nyekundu ya X ya kubomoa uliyoiona ukutani haitupi nafasi ya mapambo.

Ombi letu ni moja, na mengine yote yanalifuata hilo. Jengo hili lisibomolewe, na likabidhiwe kijiji na Halmashauri kwa maandishi ili tulifanye kituo cha urithi na kumbukumbu. Hatukuanza na fedha. Tunajua fedha inayotangulia hati huwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo si kijiji.

Mheshimiwa, jengo hili liliinuliwa enzi za mkoloni, siku ambazo hazina za serikali za wenyeji huku Usukumani zilitegemea pamba. Wazazi walifyatua tofali na kuzichoma, kina mama wakabeba maji. Kwa wengi waliosoma humu, darasa la nne ndilo lilikuwa mwisho. Mtihani uliwachuja, wachache wakaendelea na shule za kati za darasa la tano hadi la nane, waliobaki wakarudi shambani. Hatuyasemi haya ili tuisifu shule ya mkoloni. Ilibagua, na kituo tunachokitaka kitaueleza ubaguzi huo bila kuupaka rangi: nani aliingia, nani aliachwa mlangoni, na kwa nini majina ya wasichana katika rejesta za mwanzo ni ya kutafuta kwa kidole.

Kisha likaja jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia zilizokuwa zimetawanyika mashambani zilihamishiwa hapa kwa sababu shule ilikuwa tayari ipo. Kijiji ndicho kilichoifuata shule. Wapo walionung'unika, na wengine hadi leo hawajasahau mahame yao, lakini humu ndani ndimo walimoandikishwa kuwa wanakijiji. Anayesema jengo hili ni la idara ya elimu pekee hajasikia habari hiyo.

Jioni lilikuwa darasa la watu wazima. TANU iliazimia mwaka 1971 kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe ifikapo mwisho wa mwaka 1975, na Kanda ya Ziwa ilikuwa imekwisha kutangulia kwa mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO. Mkulima alijifunza herufi kupitia maneno ya kilimo chake mwenyewe, pamba ikiwamo. Wapo bibi na babu waliokaa nyuma yako sasa hivi, Mheshimiwa, walioandika majina yao kwa mara ya kwanza katika chumba kile cha kulia. Mwaka 1973 watu walikusanyika humo humo kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakatoka wakaenda kuchimba vyoo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 watoto walifurika kwa elimu ya msingi kwa wote, wakasoma kwa zamu, na walimu wao wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba juzi. Watu huwacheka walimu wale. Sisi tuliofundishwa nao hatucheki.

Sasa tuseme yanayotuuma.

Tulishangilia madarasa mapya yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19, mpango uliojenga madarasa 15,000 nchi nzima kuanzia mwaka 2021. Watoto walihama, nasi tukafurahi. Lakini tangu siku hiyo jengo la zamani likawa halina baba. Sehemu ya bati za upande wa kusini iling'olewa na kupelekwa kuezeka kwingine, na hakuna aliyetuuliza. Mvua ikaingia. Halafu maji hayo hayo yakageuzwa ushahidi: tukaambiwa jengo limechakaa, ni hatari, libomolewe. Aliyeandika hivyo hakupanda darini. Angepanda angeziona kenchi za mvule zilivyo nzima, isipokuwa mbili ambazo mchwa amezishika miguuni. Ufa wa ukuta wa magharibi tunaukubali, upo, na mtoto asiruhusiwe kusogea pale mpaka utengenezwe. Barua zetu zimepokelewa, zimegongwa mhuri, na hazikujibiwa.

Kuna kosa jingine ambalo limefanywa kwa nia njema. Miaka ya nyuma kuta za mbele zilipigwa plasta ya sementi. Mafundi waashi wetu wazee walionya, hawakusikilizwa. Tofali hizi ziliungwa kwa udongo na chokaa, na ukuta wa namna hii unahitaji kupumua. Sementi huufunga, unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, tofali zinalainika ndani wakati nje kunang'aa. Plasta inayobambuka unayoiona hapo inatokana na hilo, na uzee una sehemu ndogo tu. Dawa yake si ghali kama kubomoa: kubandua sementi, kupiga upya kwa chokaa, kuchimba mfereji wa kutoa maji kwenye msingi, kurudisha bati, kubadilisha kenchi mbili. Mafundi tunao. Nguvu kazi tunayo.

Tumeambiwa pia kwamba jengo hili si la kihistoria kisheria. Ni kweli Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lakini ukiondoa vyuo vya Kurani vya pwani, ni shule gani ya Tanzania Bara ingevuka kigezo hicho? Hata Wamisionari wa Bagamoyo walifika mwaka 1868. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri mamlaka ya kutangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, kwa hiyo mlango upo. Anayetakiwa kuubisha ni ofisi yako.

Mwisenge kule Musoma hukumbukwa kwa kuwa Mwalimu Nyerere alianza masomo pale mwaka 1934. Hapa hakusoma rais, wala waziri tunayemfahamu. Walisoma wakulima, manesi, makarani wa vyama vya ushirika na walinzi wa sungusungu. Kwetu hiyo ni sababu ya kulitunza. Na kwamba urithi wa Wasukuma unaweza kukaa kwa Wasukuma wenyewe, Makumbusho ya Bujora yameonyesha kwa miaka mingi.

Kituo hakitakuwa chumba cha vumbi. Chumba kimoja kitakuwa maktaba na mahali pa wanafunzi kusomea jioni. Kingine kitatunza rejesta, picha, zana za kilimo, na ngoma za vyama vya wachezaji vya Wagika na Wagalu. Cha tatu tutakikodisha kwa vikundi vya kuweka na kukopa, na kodi hiyo italipa mlinzi na chokaa ya kila mwaka.

Kwa hiyo tunadai alama ya X ifutwe na amri ya kubomoa isimamishwe kwa barua yako. Bati zilizochukuliwa zirudishwe, au thamani yake. Rejesta na kitabu cha kumbukumbu za shule, ambavyo sasa vimerundikwa stoo pamoja na mifuko ya sementi, vitolewe wiki hii, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iombwe kutushauri namna ya kuvihifadhi. Mtaalamu wa Mambo ya Kale aje alikague jengo kabla ya masika, akiwa na mafundi wetu. Na mpaka wa kiwanja upimwe hadharani, ili kijiji kikikabidhiwa kisije kuambiwa baadaye kwamba kilipewa kuta bila ardhi.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya mkutano mkuu ujao wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Litasomwa hapo kwa sauti, liwe lolote.

Ni sisi,
Kamati iliyochaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri; Ofisa Utamaduni wa Wilaya; Mtendaji wa Kata; ubao wa matangazo wa kijiji.