MNUNUZI WA SKREPA AKISHAONDOKA, SUMU INABAKI KWA NANI?

Ndugu Wanakijiji na Ndugu Wanaushirika,

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kijijini kwetu mara kwa mara na mizani yao. Wanachukua majembe yaliyokwisha, sufuria zilizotoboka, mabati na vyuma vya plau. Hilo ni jambo jema. Ua unasafika, na mama anapata pesa ya chumvi na sabuni.

Lakini sasa tuangalie wanachokiacha. Mawe ya tochi na redio hawachukui. Taa za sola zilizokufa na tyubu za umeme hawachukui. Dawa zilizopita muda na sindano za kuchomea ng'ombe hawachukui. Makopo na chupa za dawa ya mbaazi ndiyo hawataki hata kuyaona. Betri ya gari wanaipenda kwa ajili ya risasi iliyomo, lakini wapo wanaomwambia mwenye betri amwage kwanza yale maji. Anayamwaga wapi? Uani, pale pale watoto wanapocheza.

Sasa jamani, kitu asichokitaka mnunuzi ni cha nani? Sisi tunasema ni chetu. Tulikinunua wenyewe, tukakitumia wenyewe, na kukiondoa ni kazi yetu wenyewe.

Tuanze kwa kujikosoa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe, na sisi viongozi hatuna budi kuanza na sisi. Dawa ya kupulizia mashamba inapitia Ushirika. Tunaigawa kwa daftari, kila mtu anatia sahihi. Lakini daftari letu halina mahali pa kuandika kopo tupu limerudi au halikurudi. Matokeo yake makopo yako korongoni, mengine yako nyuma ya ghala letu. Mficha uchi hazai, kwa hiyo tunasema wazi: kosa hili ni letu pia.

Tena katika kikao cha mwisho ilitolewa hoja kwamba madumu matupu ya dawa yasafishwe kwa majivu yauzwe, Ushirika upate fedha. Eti wanunuzi wapo: wauza pombe, wauza maziwa na wakamua alizeti. Sisi tuliipinga hoja hiyo, na tunaipinga hapa ukutani kila mtu asome. Plastiki hunywa dawa. Ukiosha kwa majivu, kwa mchanga au kwa maji ya moto, harufu inatoka lakini dawa inabaki ndani ya dumu, na kesho inatoka na maziwa. Tumekwisha kumwona mtoto akienda shule na maji ya kunywa katika chupa ya dawa. Ushirika haukuanzishwa ili upate faida ya namna hiyo.

Wengine wanasema: tupeni korongoni, mvua itachukua. Ndugu, sisi watu wa Hanang tunaijua mvua. Tarehe 3 Desemba, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani, na wenzetu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hatusemi makopo ndiyo yaliyoleta maafa yale. Tunasema kwamba maji yakishuka hayachagui. Kinachotupwa juu kinafika kwa wa chini, kwenye kisima chake na kwenye josho la ng'ombe wake.

Wengine wanasema tuchome moto. Kopo la dawa likiungua linatoa moshi wa sumu. Kopo la dawa ya mbu la kupuliza hulipuka. Betri ya taa ya sola nayo huweza kulipuka. Na tyubu ikivunjika inatoa zebaki.

Kuhusu maji ya betri, tujifunze kwa majirani zetu wa Kenya. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulipata kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Risasi ikaingia katika udongo, katika maji na katika damu ya watoto. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, nayo ikawapa haki yao Desemba 2024. Lakini fedha haitoi risasi katika mwili wa mtoto. Risasi huharibu akili yake, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Mwaka 1973 wazazi wetu walikusanyika kwenye redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2, na vyoo vingi vikachimbwa. Uchafu wa wakati ule ulinuka, kila mtu aliujua. Uchafu wa leo mwingine haunuki, tena una rangi nzuri, na mtoto anaufanya mchezo. Ndiyo maana unataka elimu.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Kila anayechukua dawa aandikwe na kopo lake. Asiyerudisha la zamani asipewe jipya.

2. Kopo lisuuzwe mara 3 pale pale shambani, maji ya kusuuzia yarudi ndani ya bomba la kupulizia, kisha litobolewe kitako lisitumike tena.

3. Lijengwe banda dogo lenye kufuli, mbali na ghala la nafaka na mbali na maji. Makopo yawe na gunia lake, na mawe ya tochi yawe na ndoo yake yenye mfuniko. Tyubu zifungwe zisivunjike. Dawa iliyobaki isimwagwe, ikae katika chupa yake yenye maandishi.

4. Betri ya gari iuzwe nzima na maji yake. Mnunuzi asiyetaka hivyo aende zake.

5. Sindano ziwekwe katika chupa ngumu apewe mtaalamu wa mifugo. Dawa za binadamu zilizopita muda zirudishwe zahanati.

Hatutaki kumdanganya mtu. Kukusanya siyo kumaliza. Banda likijaa lazima Halmashauri ya Wilaya na wale wanaotuuzia dawa waje wachukue. Mtu mmoja akidai hilo atachekwa, lakini Ushirika mzima ukidai, wenye gunia mkononi na daftari lililojazwa, utasikilizwa.

Hoja hii itapigiwa kura katika mkutano mkuu ujao. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake, na mabalozi wa nyumba kumi waipeleke kila ua.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati