Kitabu cha Mahabusu Si Hukumu

Miongoni mwa imani zinazopokewa bila kuhojiwa katika miji na vijiji vya magharibi mwa Tanzania, kuanzia Igunga na Nzega hadi Tabora, Urambo na Kaliua, ipo ile inayodai kwamba mtu aliyewahi kukamatwa hakukamatwa bure, na kwamba hata akirudi nyumbani bila kufikishwa mahakamani, au akishtakiwa kisha akaachiwa huru, lazima pawepo jambo alilolifanya. Imani hii hutafutiwa kinga katika methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja, nayo huamua mambo mazito, kama vile posa kukataliwa, mkopo wa kikundi kuzuiwa, au kijana aliyesomea uhasibu kunyimwa kazi katika chama cha ushirika cha tumbaku kwa sababu ya usiku mmoja aliolala kituoni. Upotofu wake hautokani tu na ukweli kwamba polisi hukosea, ingawa hukosea. Unatokana hasa na ukweli kwamba kumbukumbu ya ukamataji haikuundwa kutoa habari za tabia ya aliyekamatwa. Iliundwa kuonyesha kazi ya aliyemkamata.

Inafaa kueleza kumbukumbu hiyo ni nini, kwa kuwa wengi wanaoiogopa hawajawahi kuiona. Mlalamikaji anapofika kituoni, taarifa yake huandikwa katika kitabu na kupewa namba, ambayo wananchi huiita RB. Mtuhumiwa akikamatwa, jina lake huingizwa katika kitabu cha mahabusu pamoja na saa aliyoingia na vitu alivyokabidhi. Na upelelezi ukianza hufunguliwa jalada, yaani faili linalokusanya maelezo ya mashahidi na vielelezo. Hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivi kinachoandikwa na mtu aliyeketi akazisikiliza pande zote mbili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu askari kumkamata mtu bila hati ya mahakama akiwa na sababu za msingi za kumshuku, na kwa kawaida inataka mtu huyo afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ilhali mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kosa bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Kwa maneno mengine, kinachotosha kumkamata mtu ni kuwepo kwa shaka, na kinachotakiwa ili ahukumiwe ni kuondoka kwa shaka. Anayesoma kitabu cha mahabusu kana kwamba ni hukumu anaugeuza mwanzo wa uchunguzi kuwa jibu lake, jambo ambalo ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya mwaka 1977 inalikataza waziwazi inaposema kuwa mshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia.

Watetezi wa imani hii hujibu kwamba mtu asiye na kosa husafishwa na mahakama, na kwamba asiyesafishwa ana lake jambo. Jibu hilo linachanganya njia mbili tofauti za kutoka kizimbani. Mshtakiwa anaweza kuachiwa huru baada ya ushahidi kupimwa na kuonekana hautoshi, na hapo hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Lakini pia anaweza kuondolewa mashtaka tu, kwa mfano pale Mkurugenzi wa Mashtaka anapotumia mamlaka aliyopewa na sheria iliyotajwa kuiarifu mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, bila kulazimika kueleza sababu. Aliyetoka kwa njia hii ya pili hana hukumu inayomtia hatiani wala hukumu inayomsafisha, na kwa miaka mingi wako waliokamatwa tena wakiwa hawajavuka hata uwanja wa mahakama. Marekebisho ya mwaka 2022 yalijaribu kupunguza tatizo kwa kuzuia mashtaka kufunguliwa kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa katika makosa makubwa, na hatua hiyo inastahili sifa. Hata hivyo haigusi vitabu vya kituoni, kwa sababu mtu ambaye hakushtakiwa kabisa hana hakimu wa kumtamkia kwamba ni huru. Ajabu ya mfumo huu ni kwamba yule ambaye dhidi yake haukupatikana ushahidi hata wa kujaza hati ya mashtaka ndiye anayebaki bila karatasi ya kuonyesha majirani.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji, ni mahali pabaya pa kutetea wazo kwamba aliyefungwa ana kosa. Katika karne ya 19 watu waliopitishwa humo wakiwa na makongwa shingoni, yaani miti yenye panda iliyomzuia mtu kutoroka, au wakiwa wameunganishwa kwa mnyororo mmoja, walikuwa mateka wa vita, wadaiwa na watoto walionyakuliwa, wala hakuna mtu mwenye akili leo anayeuliza walifanya nini hata wakafungwa. Katika minyororo ya namna hiyohiyo aliweza kutiwa mpagazi mtoro, yaani mchukuzi aliyeukimbia msafara, ambaye katika shajara za wasafiri wa Ulaya huonekana kama mwizi na mvivu, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwa aliyemfunga. Baada ya ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, kuanguka Januari 1893, utawala wa Kijerumani uliongeza daftari juu ya mnyororo. Adhabu zikaandikwa, zikiwemo viboko vilivyobaki katika kumbukumbu za watu kwa jina la hamsa ishirini. Na mengi ya makosa yaliyoandikwa yalikuwa utoro kazini, ukaidi mbele ya mkubwa na uzembe wa kazi, huku kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ikiongeza sababu ya watu kusakwa. Waingereza, waliokuja baada ya Wabelgiji walioiteka Tabora Septemba 1916, walibadilisha lugha ya daftari na kuendelea kumwadhibu asiyelipa kodi. Kama jina katika vitabu vile lingekuwa ushahidi wa uhalifu, basi ukoo wa Kinyamwezi usio na wahalifu ungekuwa nadra kuliko mvua ya Agosti.

Haitoshi kusema kwamba hayo yalikuwa ya wakoloni. Mwaka 1958, mwaka uleule ambao TANU ilikutana Tabora mwezi Januari na kukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai kutokana na makala iliyowalaumu mabwana shauri wawili katika jarida la Sauti ya TANU, akatiwa hatiani, akaamriwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, naye akalipa. Huyu hakuwa mtuhumiwa tu. Alikuwa mtu aliyehukumiwa na mahakama halali ya wakati ule, na miaka mitatu baadaye akawa Waziri Mkuu. Wanaomheshimu Mwalimu huku wakimnyima jirani yao kazi kwa sababu ya kukamatwa ambako hakukuzaa hata shtaka wanapaswa kueleza wanatumia mizani gani.

Dola huru nayo imewahi kukamata kwa wingi na kukosea kwa wingi. Katika mikoa jirani ya Mwanza na Shinyanga mwaka 1976, operesheni iliyolenga kukomesha mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi iliishia kwa mahabusu kuteswa na baadhi yao kufa, na Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kubeba dhamana ya kisiasa ya yaliyotendwa chini ya wizara yake. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 nao uliwakusanya watu wengi ambao baadaye waliachiwa kwa kukosekana ushahidi. Mwinyi alikuja kuwa Rais mwaka 1985, na ni haki kwamba nchi haikumhukumu milele kwa mambo ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Mahabusu aliyetoka mzima hajawahi kupewa fursa ya namna hiyo.

Magharibi ina jambo lake la pekee linaloifanya imani hii iwe hatari zaidi, nalo ni wingi wa mikono inayokamata. Sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi lililozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mpaka wa Kahama na Nzega ili kupambana na wizi wa ng'ombe, lilipewa na sheria ya mwaka 1989 mamlaka ya kukamata yanayofanana na ya polisi. Mwano, yaani yowe la kuita msaada, ukipigwa, wanaume wa kijiji hutoka na pinde zao, na mtu huweza kushikwa, kuhojiwa, kutozwa faini au kutengwa asipewe hata moto wa kuwashia jiko, bila jina lake kuandikwa mahali popote ambapo wakili angeweza kupaomba nakala. Hapana budi kukiri kwamba sungusungu walirudisha usingizi katika maboma ya ng'ombe wakati ambapo polisi walikuwa mbali na wachache. Lakini kumbukumbu iliyohifadhiwa vichwani mwa watu haina ukurasa wa kurekebishwa, na mtu aliyedhaniwa mwizi miaka thelathini iliyopita hubaki mwizi hata baada ya ng'ombe kuonekana. Ukiongeza mgambo, TAKUKURU, maofisa wa Uhamiaji na askari wa uhifadhi wanaokutana na warina asali katika misitu ya Ugalla, utaona kwamba mtu mmoja wa Sikonge au Kaliua anaweza kuwa katika vitabu vya vyombo vinne bila kuwahi kutiwa hatiani na hata kimoja.

Je, jina linaweza kusafishwa? Hapa inakaa imani ndogo iliyojificha ndani ya ile kubwa, kwamba kesi hufutwa kwa kuelewana na mlalamikaji au kwa kumwona mtu kituoni. Jalada lililofungwa halijafutwa. Limehamishwa kabati, na anayetoa fedha ili lifungwe amenunua ukimya unaoweza kuuzwa tena. Kwa upande wa sheria, Tanzania haina utaratibu wa jumla unaomwezesha mtu kuomba kumbukumbu ya ukamataji ifungwe baada ya muda fulani. Cheti cha tabia njema, ambacho Jeshi la Polisi hukitoa baada ya kulinganisha alama za vidole na kumbukumbu zake, na ambacho huhitajiwa na anayekwenda kufanya kazi Oman au kusoma Ulaya, hueleza hali ya kumbukumbu bila kuibadilisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu makosa katika kundi la taarifa nyeti na kumpa mhusika haki ya kudai zirekebishwe, ila imeacha mlango kwa kazi za kuzuia na kupeleleza uhalifu, na mlango huo ni mpana vya kutosha kupitisha kabati zima la kituo. Wakati huohuo hukumu za mahakama, zikiwemo za rufaa zinazosikilizwa Tabora, huwekwa katika tovuti ya TanzLII pamoja na majina, jambo jema kwa elimu ya sheria, lakini mwajiri mvivu husoma kichwa cha kesi na kuacha aya ya mwisho inayosema mrufani aachiwe.

Kwingineko swali hili limejibiwa. Desemba 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza ilikiuka haki ya faragha kwa kuendelea kuhifadhi alama za vidole na vinasaba vya watu ambao hawakutiwa hatiani. Na mwaka 2018 jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, nchi ambayo kumbukumbu za ukamataji katika kaunti nyingi husomwa na yeyote, lilipitisha sheria ya kuzifunga nyingi kati ya kumbukumbu za namna hiyo bila mhusika kuomba.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba polisi wasio na kumbukumbu ni polisi vipofu. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama kungependekezwa vitabu vichomwe. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: kitabu kibaki, kwa kuwa ndicho pia ushahidi wa mahabusu aliyepigwa au aliyezuiliwa kupita saa za kisheria, ila kisifunguliwe kwa ajili ya ajira, posa, mkopo au uchaguzi, na cheti cha polisi kitaje hukumu pekee. Hata Katiba, inapomzuia mtu aliyefungwa kwa kosa la kukosa uaminifu asigombee ubunge, inahesabu miaka mitano kabla ya uchaguzi na kuishia hapo. Mtu asiyewahi kuhukumiwa hawezi kudaiwa muda mrefu kuliko huo, na hakimu anayemwachia huru mshtakiwa pale Tabora anaweza kupewa na Bunge mamlaka ya kuongeza sentensi moja katika uamuzi wake, inayomwamuru mkuu wa kituo aandike matokeo ya kesi pembeni mwa jina lilelile alilolianza kuliandika.