Vidonge si minyororo

Ndugu aliyeandika kwamba dawa za skizofrenia humgeuza mtu kuwa gogo, na kwamba wazazi wa kule Munigi, karibu na Goma, wangefanya vema kumpeleka mtoto wao mgonjwa chumba cha maombi tu, amesema kweli moja na kuziacha nyingine. Hiyo moja naikubali. Haloperidoli, ambayo bei yake ni nafuu, huweza kukaza shingo na taya na kutetemesha mikono. Ikitumika miaka mingi, midomo na ulimi huweza kuanza kuchezacheza vyenyewe. Olanzapini hunenepesha na huweza kuleta kisukari. Huo si uzushi.

Lakini dozi hupunguzwa. Dawa hubadilishwa. Kukakamaa nako kuna dawa yake, triheksifenidili. Mwandishi hakuyagusa hayo, wala hakumtaja mama anayepata usingizi kwa sababu sauti zilizokuwa zikimwamuru mwanawe zimenyamaza. Kabla ya dawa ya klopromazini kuanza kutumika Paris mwaka 1952, wagonjwa wengi walizeeka wamefungiwa. Kwetu kamba na minyororo bado ipo.

Ninachokiogopa zaidi ni kuacha dawa ghafla, maana ugonjwa hurudi. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakakimbilia Sake, ni wangapi walikumbuka vidonge? Sindano ya dawa inayodumu mwezi mzima ingewafaa watu wa kukimbiakimbia kama sisi.

Ombeni, nami naomba. Ila mpelekeni mgonjwa kwenye kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, hapa Goma, na kila mara mwulizeni muuguzi: madhara yakija, tufanye nini?