Kutoka Chuoni Kwenda Kiwandani: Je, Ni Kuuza Elimu?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa vinavyoonekana kwa macho na visivyoonekana, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, hapa Chanika na vitongoji vya jirani, kuanzia Pugu na Majohe mpaka Msongola, imezoeleka kauli moja ambayo tumeisikia mara kadhaa katika baraza za misikiti baada ya swala. Kijana wa Kiislamu amesomeshwa kwa taabu, mama akiuza vitumbua na baba akiuza kiwanja, mpaka akapata shahada ya uzamili katika sayansi ya viumbe. Watu wakatarajia awe mhadhiri. Mara husikika kwamba ameacha chuo na kuajiriwa katika kiwanda cha chanjo au dawa. Hapo husemwa kuwa "ameuza elimu", na wengine huongeza kwamba ameikimbilia dunia. Twaona kauli hii haina msingi katika dini, na madhara yake kwa umma si madogo.

Natuchukue mfano ulio uani kwetu, nao ni kuku. Ni nadra Chanika kuukuta mtaa usio na banda, na kila mfugaji anaujua mdondo, ambao wengine huuita kideri, namna unavyofagia banda zima kwa siku chache. Chanjo za awali zilitaka ubaridi tangu kiwandani hadi kwa mfugaji, jambo lililowashinda watu wa vijijini wasio na umeme wala jokofu. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ndio waliotafiti mbegu ya chanjo iitwayo I-2, ambayo hustahamili joto kwa muda. Mbegu hiyo ikaletwa nchini, na maabara ya mifugo ya Temeke, pale watu wanapopaita Vetenari, ikaanza kuizalisha. Baada ya kuundwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania mwaka 2012, kituo cha chanjo cha Kibaha kikawa chini yake, nacho hutengeneza pia chanjo za kimeta, chambavu na ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe. Kuku hutiwa tone moja tu jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Sasa tuzingatie. Utafiti wa I-2 ungebaki katika majarida ya wasomi, kuku wa Msongola wangeendelea kufa. Baina ya karatasi ya mtafiti na tone lile jichoni mwa kuku yuko mtu aliyevaa koti jeupe, anayekuza kirusi ndani ya mayai yenye vijusi, anayepima kila toleo, na anayethubutu kulimwaga lote likionekana na kasoro hata kama hasara ni kubwa. Mtu huyo ni mwanasayansi aliyesomea chuoni kama mwenzake aliyebaki kufundisha. Je, ni yupi kati yao aliyeuza elimu?

Imamu Ghazali (r.a.), katika Ihya, aliihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya, yaani wajibu ambao wasipopatikana watu wa kuutekeleza mji mzima huingia katika dhambi. Akalalamika kwamba katika miji mingi ya zama zake hapakuwa na tabibu ila asiyekuwa Muislamu, ilhali wanafunzi walisongamana katika mas'ala ya khilafu za fiqhi kwa kuwa ndiyo yaliyoleta vyeo na umaarufu. Maneno hayo yaliandikwa yapata miaka mia tisa iliyopita. Nasi tunaosomesha fiqhi na nahau tuna haki ya kuyarejea zaidi kuliko wengine, kwa sababu yanatuhusu.

Wapo wanaosema: chuoni mtu hutafuta elimu kwa ajili ya elimu, na kiwandani hutafuta mshahara. Hoja hii tunaiheshimu, lakini haisimami. Mhadhiri naye hupokea mshahara. Nabii Yusuf (a.s.), kama tulivyosimuliwa katika sura yenye jina lake, alijitokeza mwenyewe kwa mfalme wa Misri apewe usimamizi wa hazina za nchi, akataja sifa zake mbili: kwamba yeye ni mhifadhi na ni mjuzi. Hakusubiri apewe kazi hiyo bila kuiomba, wala hakuona kuwa kusimamia ghala kunamshushia daraja la unabii. Watu wakanusurika na njaa.

Katika zama zetu wako Uğur Şahin na mkewe Özlem Türeci, wenye asili ya Uturuki. Baba yake Şahin alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari nchini Ujerumani. Wote wawili ni madaktari na watafiti wa chuo kikuu, na mwaka 2008 walianzisha kampuni ya BioNTech mjini Mainz bila kuukata uhusiano wao na usomi. Mwaka 2020 kampuni hiyo, kwa kushirikiana na Pfizer, ikatoa chanjo ya Uviko iliyotumika dunia nzima. Mwezi Machi 2023 makontena ya kwanza ya kiwanda chake yaliwasili Kigali, jirani zetu kabisa. Twajiuliza: wanaotafutwa kukaa ndani ya makontena yale watatoka wapi, ikiwa kila kijana wetu anaambiwa kuwa heshima ya sayansi inaishia ubaoni?

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe zito. Mwezi Julai 2021 nchi yetu ilipokea zaidi ya dozi milioni moja za chanjo ya Uviko kutoka nje, na misikitini kukazuka maswali: imetengenezwa kwa nini, ina nguruwe ndani yake, ni halali? Maswali hayo ni ya haki. Ila walioulizwa, sisi walimu na maimamu, hatukuwa na ujuzi wa kuyajibu, na wenye ujuzi hawakuwa katika safu zetu. Wenzetu wa Indonesia wana kiwanda cha chanjo cha Bio Farma mjini Bandung, na Baraza lao la Maulamaa huketi na wataalamu. Mwaka 2018 baraza hilo lilitamka kwamba chanjo ya surua na rubela iliyotoka India ilihusisha kitu cha nguruwe katika utengenezaji wake, lakini likaruhusu itumike kwa dharura hadi ipatikane mbadala. Mwaka 2021 likaikagua chanjo ya Sinovac na kuitamka kuwa ni halali na twahara. Hiyo ni fatwa iliyojengwa juu ya ujuzi. Kwetu sisi zilienea uvumi na sauti za simu.

Hatusemi kwamba viwandani ni peponi. Kampuni hutafuta faida, na dawa ya maradhi ya masikini mara nyingi haina mnunuzi. Kibaha kipo kiwanda cha Shirika la Maendeleo la Taifa, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, kinachotumia bakteria kuua viluwiluwi vya mbu. Mwaka 2017 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, ilibidi aziagize halmashauri zinunue bidhaa yake. Kijana aingie huku akijua kwamba utafiti wake utakuwa mali ya mwajiri, na aisome mikataba kabla ya kutia saini. Aulize mapema, kwa adabu, habari ya swala ya Ijumaa na zamu za usiku. Na akitakiwa kupitisha toleo lililoharibika, akatae. Ibn al-Ukhuwwa, aliyefariki mwaka 729 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya hisba, na ndani yake akaweka milango ya kuwakagua wauza dawa na wachanganyaji wake. Mkaguzi wa ubora kiwandani leo anafanya kazi ile ile, tofauti ni koti na darubini.

Mifuko ya elimu ya misikiti yetu hulipia ada ya chuo na kuishia hapo. Mwanafunzi anapopata nafasi ya mafunzo kwa vitendo Kibaha, miezi miwili bila posho, nauli ya kutoka Chanika kupitia Gongo la Mboto hadi kule kila siku humshinda, naye huiacha nafasi. Tunapendekeza kamati zetu, zitakapokaa kupanga matumizi ya mwaka, ziitenge nauli hiyo na pango la chumba, kwa wavulana na kwa mabinti vilevile, na wazee wa msikiti waandike barua ya kumtambulisha mwanafunzi kama wanavyomwandikia anayekwenda kusoma Madina.

Wabillahi tawfiiq.